Barua Yako Ilipima Moto

Endarasha, Nyeri
Jumatatu, 20 Septemba 1971

Kaka mpendwa Gicheru,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mke wako Waithira, na mtoto wetu Ngendo, ambaye mama huniuliza habari zake kila anapoamka kana kwamba mimi nimelala Murang'a. Je, meno yameanza kutoka? Anakaa mwenyewe bila kushikwa? Sisi hatujambo. Goti la mama bado linamsumbua, lakini halijamzuia kufanya lolote, kama utakavyosoma. Viazi ni vizuri mwaka huu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Barua yako ya tarehe tatu ilifika. Nilimsomea mama yote bila kuruka neno, maana ndivyo ulivyoniagiza. Uliandika kwamba umesikia kutoka kwa Kingori wa dukani kuwa mama amekubali kupika keki ya harusi ya Wangechi, binti wa mzee Ngatia. Ukasema wazungu wamekwenda zao na jikoni zao, na mama wa karani wa serikali hawezi kuonekana tena amefunga aproni akipika vyakula vya mabwana. Ukasema watu wakimwita mpishi, jina linalochafuka ni lako. Mwisho ukaandika kwamba keki hiyo ikipikwa, Krismasi huji, na Ngendo haletwi.

Hapo ndipo nilipokasirika, Gicheru, na mpaka leo sijapoa. Mtoto amepewa jina la mama, kama inavyompasa binti wako wa kwanza. Ana miezi minane na mwenye jina hajamtia machoni. Halafu unamshika mkononi kama fimbo ya kumtishia nyanya yake! Na hayo ya wazungu, nikuulize: shamba hili tunalolima lilikuwa la nani? Mbona hujawahi kukataa gunia la viazi vyake?

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nisome tena pale penye habari ya Ngendo, nikasoma. Akajifuta macho kwa leso. Nilidhani umemshinda. Kisha akauliza kama jirani yetu Kabura ameshaleta mayai.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana miaka ile mama alipokuwa jikoni kwa bibi wa kizungu wewe ulikuwa shule ya bweni, hukumwona. Mama hajui kusoma mizani ya duka. Ana fimbo yake iliyofungwa kamba katikati, na mikebe miwili ya mafuta ya Kimbo inayoning'inia huku na huku. Mayai anayaweka mkebe mmoja, sukari mkebe wa pili, mpaka fimbo ilale sawa. Unga vivyo hivyo. Saa hana, anapima kwa kuimba. Mayai na sukari hupigwa nyimbo tatu za kanisa, beti zote, bila kupumzika. Benter, mke wa koplo wa kituo cha polisi, alikuja kutusaidia kupiga. Alipofika wimbo wa pili mkono ukamwisha nguvu, akauliza kwani huyo Mungu wenu ana beti ngapi. Mama alicheka mpaka akasahau alipofika, ikabidi tuanze wimbo upya.

Kosa lilikuwa langu. Krimu ya kutia katikati tuliikusanya siku mbili, tukiengua juu ya maziwa mabichi yaliyolala kwenye beseni. Ijumaa asubuhi mama alikwenda kwa Ngatia, na mimi nikaikuta ile krimu pale. Wewe unajua tulivyolelewa: maziwa hayakai ndani ya nyumba hii bila kuchemshwa. Nikaiweka motoni mpaka ikatokota, nikajisifu kwamba nimeiokoa isiharibike. Mama aliporudi tukaanza kuipiga. Tulipiga, Gicheru, tukaimba karibu kitabu kizima, na ile krimu ikabaki maji tu kama uji wa mgonjwa. Nilipomwambia nilichofanya, alikaa chini. Akasema krimu iliyochemshwa haisimami, hata ukiipiga mpaka Yesu arudi. Kesho yake ndiyo harusi. Nililia. Mama akasema kulia hakuengui maziwa, nikakamue. Kabura akatupa na ya ng'ombe wake, tukayatandaza kwenye mabeseni, tukayaacha nje barazani yapigwe na baridi hii mnayoikimbia ninyi watu wa Murang'a.

Keki yenyewe tuliioka hiyo hiyo Ijumaa. Oveni hatuna, tuna sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Kabla ya kutia keki, moto lazima upimwe, na mama hupima kwa karatasi. Anaweka kipande ndani, anafunika, anaimba ubeti mmoja. Karatasi ikiwa nyeusi, moto ni mkali. Ikibaki nyeupe, bado. Akatafuta karatasi, akaona barua yako juu ya kabati. Nilimwambia ile ni barua ya Gicheru. Akasema anajua, naye alikuwa ameshaisikia mara mbili. Ukurasa wa kwanza uliungua. Wa pili, ule wa Krismasi, ukatoka na rangi ya kahawia nzuri sana, sahihi yako ikisomeka vizuri. Mama akasema hapo sasa, lete keki.

Ilifura ikajaa sufuria. Akaikata tabaka tatu kwa uzi wa cherehani. Jumamosi alfajiri tuliengua krimu mpya, baridi na mbichi, na kabla wimbo wa pili haujaisha ilikuwa imesimama. Tukapaka jemu ya plamu, juu yake krimu, tabaka juu ya tabaka. Benter akasema ati ni dhambi kuikata.

Kanisani watu walijaa. Walipokwisha kula, mzee Ngatia aliuliza mbele ya wote keki hii imetoka mji gani. Mama akasimama na goti lake. Akasema haijatoka mji wowote, imetoka kwake, na yeye anaitwa Ngendo, mpishi. Alilisema neno hilo kwa sauti, Gicheru, neno unaloliogopa. Watu wakapiga makofi. Mpaka leo akina mama wawili wameshakuja kumwomba awapikie, naye amekubali wote wawili.

Sasa kuna jambo ambalo mama aliniapisha nisikuambie, na leo navunja kiapo hicho. Desemba ya harusi yako ulinituma Nyeri mjini niagize keki, kwa sababu ulitaka wakwe zako waone kitu cha mjini. Mwokaji aliniambia maagizo ya Desemba yamejaa. Nilichorudi nacho ni boksi lake tupu nililomwomba. Keki uliyoikata, ile uliyosimama ukawaambia wakwe zako kwamba watu wa mjini ndio wanaojua kuoka, ilitoka kwenye sufuria ya mchanga. Mama aliipika. Alikataa ujue, kwa sababu alikuwa anajua utaona haya.

Unakumbuka mlivyowalisha wazazi? Ulipiga magoti ukamtia mama kipande mdomoni, akalia, nawe ukawaambia watu analia kwa furaha ya harusi. Miaka kumi na mmoja alipika keki ile kila Jumamosi, na yule bibi wa kizungu alikuwa akihesabu vipande, na makombo yalikuwa ya mbwa. Hakuwahi kuionja. Kipande chake cha kwanza maishani kilitoka mkononi mwako.

Siombi msamaha kwa hayo wala kwa barua yako iliyoungua. Mama ameanza kumtengea Ngendo mayai ya Krismasi kwenye kapu lenye majani makavu, ingawa nimemwambia mayai hayakai miezi mitatu. Anajibu kwamba yakiharibika atatenga mengine. Basi ukiamua kutomleta mtoto, tafuta sababu nyingine uiandike. Usiseme mwanao hawezi kula chakula cha mabwana kutoka kwa mpishi. Wewe uliila keki yake, ukaomba kipande cha pili, na mimi ndiye niliyekukatia.

Msalimie sana Waithira, na umbusu Ngendo mashavu yote mawili, moja kwa ajili yangu na moja kwa ajili ya mwenye jina. Benter na Kabura wanakusalimu. Mama naye anakusalimu. Amekaa hapa kando yangu akichambua maharagwe, na anadhani nakuandikia habari za ndama.

Ni mimi dada yako asiyejuta,
Watiri