Kaka Yako na Farasi wa Wasenufo

Wifi yangu Zuhura,

Salamu kutoka Euless, Texas, nyumbani kwa mwanetu Rukia, ambako jua halina adabu. Jana alitupeleka makumbusho. Kaka yako akasimama mbele ya sanamu ya mti waliyochonga Wasenufo wa Ivory Coast: bwana mkubwa kakaa juu ya farasi wa kimo cha mbuzi. Akacheka mpaka mlinzi akasogea. "Fundi huyu hajapata kuona farasi! Miguu ya mtu inafagia chini!"

Leo tumekwenda Fort Worth, naye akataka kupanda farasi kama wenyeji. Kumbe wale wakubwa wanamtisha, akachagua mfupi kuliko wote. Wallahi, wifi, miguu ikafagia majani, na farasi akashusha pumzi kama mwenye nyumba aliyeletewa mgeni wa mwezi mzima. Rukia akampiga picha huku akilia kwa kicheko.

Kaka yako ameniapisha nisikutumie picha ile, nami sivunji kiapo. Mola akuweke, uwabusu watoto. Ukishamaliza kusoma, geuza kadi hii yenye sanamu ile, niliyoinunua makumbusho. Ndiye huyo huyo.

Wifi yako akupendaye,
Mwanaisha