Mgonjwa wa Wangoi

Kabiro, Kawangware
Nairobi
Machi 1977

Shemeji yangu mpendwa Okoth,

Pokea salamu zangu, na nyingine uwagawie wote walio hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba huko ziwani mvua imeanza kuonekana, maana huku bado tunakula vumbi. Sisi hatujambo. Watoto wanakohoa kidogo lakini wanacheza. Habari za mama nazitaka kwa kirefu. Macho yake yanaendeleaje? Bandeji zimetolewa? Anawaona kuku wake uani? Nijibu hilo hata kama hutataka kunijibu lingine lolote.

Usishangae kwamba nimeandika kwa Kiswahili na si kwa Kijaluo. Najua barua ikifika hapo husomwa mbele ya watu wote kabla chai haijapoa. Hii isome kwanza peke yako.

Yako niliipata. Umenishukuru kwa kumtoa mama motoni mpaka nikaona haya kuishika karatasi. Umesema mtoto wenu mchanga mmemwita Dalmas kwa ajili yangu, na kwamba Pasaka nije, wazee wananiwekea mbuzi. Dada yako Mildred aliisoma mara mbili, akalia, akaitia ndani ya Biblia. Mimi nilichukua ndoo nikatoka, nikajifanya naenda kuteka maji. Shemeji, nisikilize mpaka mwisho kabla hamjamshika huyo mbuzi.

Unakumbuka kwamba kabla ya hapa tulikaa Kibera, Kambi Muru, na moto ukatukuta huko ukatuachia nguo za mwilini. Siku ile niliona watu wazima wakirudi ndani kufuata redio. Niliona wengine wakikimbia ndani ya moshi na kunaswa shingo na kamba za nguo. Niliapa kwamba mimi na nyumba yangu hatutakutwa tena hivyo. Kwa hiyo tulipohamia Kawangware kwa Nderitu, mwenye ploti hii, sikumpa raha. Nyumba zake ni za mbao, mistari miwili, paa za karatasi ya lami, na nyuma yake kuna bonde la nyasi na miti ya miwati mpaka mtoni. Nilimwambia nyasi zile kiangazi ni sawa na petroli. Alinung'unika kwamba siku hizi mpangaji ndiye anayemfundisha mwenye ardhi, lakini alizifyeka zilizo karibu.

Baada ya hapo nikawageukia wapangaji. Kila nyumba iweke mlangoni furushi lenye nguo na vyeti, liwe tayari wakati wote wa kiangazi. Jiko lisiachwe ndani likiwaka. Kamba za nguo zifungwe juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Nilinunua filimbi nikaivaa shingoni, na nikawaambia ikilia asiulize mtu swali, tutoke kwa upande wa barabara, tukutane kwenye bomba la maji, na hapo kila mtu awahesabu watu wake. "Kila mtu na mtu wake," ndivyo nilivyokuwa nikisema, mpaka watoto wakaufanya wimbo. Tulifanya mazoezi Jumapili jioni. Walinibandika jina la Bwana Filimbi, na sitakudanganya, jina hilo nililipenda.

Aliyekataa ni mmoja, Kavoi, Mkamba fundi wa kupaka rangi anayeishi karibu na choo. Alikuja kwenye mazoezi mara moja tu, ananuka pombe, akauliza kama kuna mtu alizaliwa bila kujua kukimbia moto. "Mlango niko nayo na miguu niko nayo," akasema, na watu wakacheka. Nilimkemea hadharani. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama alipokuja kutolewa mtoto wa jicho, ikawa lazima tumtafutie pa kulala. Wewe huhitaji kuambiwa. Mama mkwe halali nyumbani kwa binti yake, na sisi tuna chumba kimoja na pazia. Mildred alizungumza na Wangoi, mjane mmoja Mkikuyu wa mstari wa nyuma, upande wa bonde. Wangoi alimkaribisha kwa moyo mweupe. Alicheka tu, akasema watu wa ziwa tunaogopa mama mkwe kuliko tunavyoogopa polisi. Basi mama akawa analala kwa Wangoi, chakula anapelekewa na Mildred, na mimi nikimjulia hali nikiwa nje, uso nimeugeuza, kama inavyotakiwa. Na katika hesabu yangu yote ya nani amshike nani, mama hakuwamo. Mimi nilimwona ni mgeni wa Wangoi. Wangoi naye alimwona ni mtu wangu.

Jumapili ile ya moto, Mildred na Wangoi walikuwa kanisani. Mimi nilibaki na watoto. Mama alikuwa chumbani kwa Wangoi, amefungwa bandeji macho yote mawili. Upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi. Ng'ambo ya mto mtu alikuwa akichoma mabua shambani, moto ukamponyoka, ukaruka mto, ukapanda bonde kwa miwati. Nilipouona ulikuwa umefika kwenye kichuguu, chini kidogo tu ya nyumba za nyuma.

Nilipuliza filimbi. Shemeji, ungeona fahari. Watu walitoka na mafurushi yao bila kusukumana, kila mtoto na mkono wa kushika, hakuna aliyerudi kufuata redio. Kwenye bomba niliwahesabu wanangu, nikasema kwa sauti, "Watu wangu wote wako." Nderitu mwenyewe, aliyekuwa amekuja mbio kutoka kwake, alinipiga bega.

Wakati bado mkono wake uko begani, nikakumbuka.

Nilirudi mbio. Paa la Wangoi lilikuwa limeshika upande wa bonde, na moshi ulikuwa ukitoka juu ya mlango. Mlango ulikuwa wazi, pazia tu limening'inia. Nikasikia beseni likianguka. Nikasikia mama akipapasa ukutani. Bila shaka alinisikia nimesimama, kwa sababu aliuliza kwa Kijaluo, taratibu, kama anayebishiwa hodi, "Ni nani?"

Sikujibu.

Kwa joto lile nilijua amelala na gauni la ndani peke yake. Nilijiambia mkwe hawezi kuingia alipolala mama mkwe, nikamtafute mwanamke. Nikarudi nyuma. Kwenye kijia nikakutana na Kavoi anatoka kwake, macho mekundu, koti begani. Nikampigia kelele kwamba ndani kuna mtu. Akauliza nani. Okoth, haya ndiyo maneno niliyosema: "Ni mgonjwa wa Wangoi."

Sikusema ni mama mkwe wangu. Ningesema hivyo angeniuliza mimi nimesimama nje nafanya nini.

Kavoi hakuuliza tena. Alijifunika koti kichwani akaingia. Alitoka na mama amembeba mgongoni, amemfunika koti lile, na lami ya paa ilikuwa imemdondokea kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Alitembea naye mpaka kwenye bomba, ambapo walikuwa wamebaki watu wachache, wengine wamekimbilia motoni na ndoo. Hapo akaniambia nimshike, kwa sababu mkono wake haukuwa ukisikia tena kitu. Nikamshika mama kwa mikono yangu hii, na ardhi haikupasuka. Wanaume wawili wakamchukua Kavoi, wakampakia kwenye pikapu ya muuza maziwa, akapelekwa hospitali. Dakika hiyohiyo Mildred akafika kutoka kanisani, akanikuta nimemkumbatia mama yake, moshi nyuma yangu. Akanipigia magoti mbele ya watu. Waliojua ukweli ni wachache, na hao wachache walidhani nitausema mwenyewe.

Sikuusema. Jioni Mildred alikwisha kuwaandikia ninyi.

Utataka kunitetea, najua moyo wako. Utasema mila ni mila, na mwanamume wa heshima angefanya nini. Hata mimi nilijitetea hivyo majuma yote haya. Lakini kama ni heshima peke yake, ningefumba macho nikaingia. Ningemwita tu atoke kwa kufuata sauti yangu, na sauti haina mwiko. Ukweli ni kwamba niliangalia paa lile nikaogopa kufa. Mila ilikuwa karibu, nikajifunika nayo. Mimi, Bwana Filimbi, niliyemkemea Kavoi.

Hospitali nilikwenda mara moja, na sukari na maziwa. Sikwenda kumshukuru. Nilikwenda kuona kama atasema. Alikuwa amelala, mkono umefungwa mpaka begani, na daktari amemwambia vidole viwili havitakunjika tena. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Ule mathe wa Wangoi anaendelea aje?" Nikamjibu kwamba anaendelea vizuri. Mpaka leo hajui ni mama yetu.

Na mama anajua. Siku ile tulipompeleka kupanda basi, Mildred alikwenda kumnunulia mkate wa njiani, tukabaki wawili, yeye amekaa juu ya mzigo wake, mimi nimesimama pembeni uso nimeugeuza. Akazungumza akiwa ameelekea barabarani, sauti ya chini, bila hasira. Akasema, "Mwanangu, yaliyofungwa ni macho. Masikio yangu ni mazima." Mildred aliporudi akamwambia amtunze mumewe vizuri. Huko nyumbani naona hajasema neno, kwa kuwa mnaniita shujaa bado. Ananisitiri. Shemeji, afadhali angenitukana.

Kwa hiyo mbuzi mwacheni, Pasaka siji. Na mtoto msimwite kwa jina langu. Kama mnataka jina la mtu aliyemtoa mama motoni, ni Kavoi. Ni jina la Kikamba, lakini kwetu watoto wamewahi kuitwa kwa marafiki wa mbali zaidi ya hapo. Ukimaliza kusoma peke yako, wasomee wote, umfasirie mama kila neno, hata lile la mgonjwa wa Wangoi. Alilisikia, lakini mimi sijapata kulisema mbele yake.

Nilipofika hapa jana niliiweka kalamu nikamsomea Mildred barua hii yote. Alisikiliza huku ananyonyesha. Nilipomaliza aliniuliza Kavoi yuko wadi gani. Nikamtajia. Asubuhi hii amepika uji, ametia kwenye thamosi, amembeba mtoto mgongoni, ametoka.

Basi wasalimie wazee, uwasalimie majirani, na mama umsalimie ukiona inafaa. Kila barua yetu huwa ninaifunga kwa kuandika kwamba Mildred naye anawasalimu sana. Leo hajaniambia niandike hivyo.

Ni mimi shemeji yako,
Dalmas