Wifi, Mbio Zako Nimezikimbia

Wifi Naomi,

Sikuulizi hali. Mwenye hali ya kuulizwa ni mimi niliyebaki huku na magoti yaliyovimba. Leo ni siku ya tatu tangu nikimbie mbio zako, na bado nashuka ngazi za jikoni kinyumenyume. Kaka yako akiniona anajikoholesha ili asicheke. Basi nimekaa kukuandikia, maana wa kulaumiwa ni wewe.

Nani alikutuma uandike jina langu? Nilikuwa nimekaa zangu kanisani, mara Mwinjilisti anasoma majina ya watakaokimbia kilomita tano sikukuu ya mavuno, na baada ya jina lako likafuata langu. Mimi, mwenye miaka hamsini na mbili na mwili huu unaoujua! Umoja wa Wanawake wote wakageuka kunitazama. Wewe ukawa unapekua kitabu cha nyimbo kama mtu asiyehusika.

Nilikungoja nje. Nikakwambia mimi nachuma chai toka asubuhi, napanda na kushuka na kikapu mgongoni, mazoezi gani tena unanitafutia? Ukanijibu kwa sauti yako ya zahanati, ile uliyostaafu nayo: "Kuchuma chai ni kazi, Mama Yona. Mwili unajua tofauti. Na presha yako siipendi." Kulikuwa na kitu changu gani ulichokipenda? Miaka ishirini na nane nimeolewa kwenu, na wewe ulikuwa unafunua masufuria yangu kabla hujasalimia.

Asubuhi mbili nilitoka na wewe. Ukanifundisha kukimbia hadi nguzo moja ya umeme, kutembea hadi inayofuata, kisha kukimbia tena. Asubuhi ya tatu kulikuwa na baridi na manyunyu, ukagonga dirisha langu, nami nikajibu nikiwa ndani ya blanketi: "Mbio zako kimbia mwenyewe, Naomi. Niache." Nikasikia raba zako zikikanyaga matope, zinaondoka.

Wiki ile ile ukashikwa na homa. Ijumaa ukalazwa, mapafu yamejaa. Nilikuja na uji wa moto nikakukuta na mpira wa hewa puani, huwezi kusema. Wifi, nilikuja kukuomba radhi. Njia nzima kutoka kwetu Mponde nilikuwa nayapanga maneno. Nikafika, nikakuona ulivyo mdogo kwenye kile kitanda, nikakugombeza. Nikasema, "Nani alikwambia utoke bila sweta?" Hilo ndilo neno langu la mwisho kwako. Sweta. Jumatatu ukafa.

Wewe mwembamba, uliyekula mchicha bila chumvi, ndiye uliyetangulia, na mimi wa mafuta nimebaki. Mungu anisamehe, siku ya mazishi yako nilikasirika kuliko nilivyolia.

Na kaka yako hakulia kabisa. Alipokea wageni, akapanga viti, akashukuru kila mtu, macho makavu. Tangu hapo ni nyundo tu. Amebadilisha bawaba za milango yote, hata ile isiyolia. Nikitaja jina lako anauliza misumari iko wapi.

Siku moja Mwinjilisti akaja kuuliza kama afute majina yetu mawili. Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Badala yake nikasema, "Futa la marehemu. Langu liache." Mpaka leo sijui ni nani aliyesema maneno yale. Alipoondoka nilitaka kumkimbilia, lakini ningeweza wapi?

Mwezi mzima nikajificha jioni kwenye barabara ya shambani, raba za Yona miguuni, zile alizoziacha alipohamia Tanga. Nguzo moja nakimbia, moja natembea, na katikati nakusema.

Sasa sikia siku yenyewe. Aliyepanga njia ile hatupendi. Kutoka uwanja wa kanisa unaanza na mteremko hadi njia panda, umefurahi, unajiona kijana, halafu unageuzwa na kuambiwa urudi ulikotoka. Vijana walipotea kwenye ukungu kabla sijakaza kanga yangu juu ya suruali. Na wazee wote wa kijiji walikuwa wametoa viti wamekaa kando ya barabara. Utapitaje bila kuamkia? Shikamoo baba. Shikamoo mama. Shikamoo, shikamoo, kwa pumzi ambayo sikuwa nayo. Bibi mmoja hakusikia, ikabidi nisimame nirudie. Mghosi mmoja, mzee wa miaka sabini huko, akanipita amevaa koti, akaniambia, "Pole, mwanangu." Na yeye nikamwamkia.

Kwenye kupanda, kichomi kikanishika ubavuni. Nikaegemea nguzo. Nyuma yangu ilikuwa pikapu ya kuokota waliochoka, na dereva akasema kwa upole, "Mama, panda tu. Hakuna aibu." Nilishika mlango, Naomi. Mguu mmoja nilishaunyanyua.

Hapo hasira zikanipanda, nikaanza kukusema kwa sauti, kwa Kishambaa, dereva akinitazama. Nikakuuliza kwa nini uligonga dirisha mara moja tu. Wewe mbishi kuliko wote, siku hiyo ndiyo ukaamua kunisikiliza? Nikakwambia sikumaanisha. Nikakwambia nilikuwa nasikia baridi, basi, sikuwa nimekuchoka. Nisamehe, wifi. Nikalia mpaka kichomi kikaachia. Dereva akaniuliza niletewe nani. Nikafunga mlango wake, nikaendelea. Nguzo moja nakimbia, moja natembea.

Nilikuwa wa mwisho. Walishaanza kupakua pilau. Mtu akapiga kelele, "Mama Yona huyo!" wakaja na sahani zao mkononi, kwaya ikaanza kuimba midomo imejaa wali. Nilitamani ardhi inimeze.

Kaka yako alikuwa amesema haji, ana kitasa cha kutengeneza. Alikuwepo. Alikuwa amesimama peke yake pale mwisho wa mbio. Nilipofika akanishika mabega, akasema, "Umefi..." na neno likamkatikia. Akaita, "Naomi. Naomi wetu." Akalia, wifi. Mwanaume wa miaka sitini, mbele ya Mchungaji na usharika mzima, kamasi zinamtoka. Mimi nisiyeweza kusimama ndiye niliyemshikilia. Watu wakatupisha taratibu, mmoja mmoja.

Jioni ile akanisimulia jinsi alivyokuwa akikubeba mgongoni kwenda shule mto ukijaa, na ulivyokuwa ukimpiga mateke ubavuni aongeze mwendo. Miaka ishirini na nane hajawahi kunisimulia habari hiyo. Hukuanza na mimi, kumbe.

Lala salama, mchokozi mkubwa wewe. Nakuahidi hili: Jumapili baada ya ibada nitamleta kaka yako kaburini kwako, akae na wewe mpaka atosheke. Mimi nitasimama kando na kufunga mdomo wangu. Kukimbia mlima ule kulikuwa rahisi zaidi, lakini nitajitahidi.

Wifi yako,
Mama Yona