Mwendo Anaoutaka Mama

Nyumbani, chumba cha piano
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Vidole,

Salamu tele, mdogo wangu. Hamjambo wewe na wifi? Baridi ya huko imepungua, au bado mnavaa makoti mawili mawili? Huku wengine wazima. Mama hajambo kidogo tu, na ndiye aliyenifanya niache cherehani nishike kalamu.

Alipatwa na kiharusi akiwa anafundisha, mwanafunzi kando yake. Mkono wa kulia umelala, na mpaka leo yuko hospitali. Nimekuficha wiki tatu nzima nikidhani atapata nafuu. Nisamehe.

Maneno nayo yamemtoka, hata jina langu. Yamebaki yale ya Kiitaliano ya mwendo wa muziki, aliyokuwa akikugombeza nayo ulipoukimbiza. Mimi niliyeshindwa somo la kwanza la piano nikakimbilia sindano, leo ndimi ninayeyasoma kwenye daftari lake nijue anataka nini.

Nikimlisha supu kwa pupa, husema "adagio", nami natuliza kijiko. Nesi na mimi tukimtembeza koridoni, husema "andante". Daftarini ameandika: mwendo wa mtu anayetembea, asiyeburutwa wala kukimbizwa. Siku moja nesi alichelewa na dawa, Mama akamfokea "allegro", changamka! Tulicheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yangu yakaendelea.

Usidhani anapona. Maneno yanapungua. "Allegro" sijalisikia tangu Jumatano. Daktari ameniita pembeni akasema niwajulishe ndugu.

Jana nilimpelekea picha yako, ile ya juu ya piano. Nikamuuliza, "Mama, nimwambie aje lini?" Akaitazama mpaka nikadhani amesahau swali. Kisha akasema polepole, "Andante." Hata katika hali hii hataki uhangaike.

Shemeji yako anakusalimu sana. Mjomba naye anakusalimu. Amekuja na vifaa vyake kukaza nyuzi za piano, anasema usije ukaikuta imelegea ukamlaumu. Msalimie wifi. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Ujumbe wa Mama nimeufikisha kama alivyousema. Wangu mimi ni tofauti, nimeutoa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, palipoandikwa: presto, upesi sana. Mdogo wangu, usimsikilize Mama safari hii. Njoo presto.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mama Sindano