Kanda ya Mulinge na Maombi ya Mama Mkwe

Ndunge, uko? Aki sijui nianzie wapi.

Unajua vile kaka yangu Mulinge hukusanya kanda za wale wazee wanne wa bendi ya jazi ya zamani. Jana alipata moja ambayo haijawahi kutolewa! Leo akatuita kwake Mwingi tuisikize, na mama mkwe wake yuko, amewatembelea tangu jana.

Saksafoni ikalia kidogo, ikakatika. Halafu sauti ya mama mkwe: "Bwana, muondoe huyu mwanaume wa matarumbeta kwa binti yangu!"

NDANI YA KANDA, Ndunge! Kumbe asubuhi aliiona haina jina, akarekodi juu yake maombi ya kupeleka kanisani.

Mulinge akashika kichwa. "Mama, umefuta jazi?"

Yaani JAZI ndiyo ilimuuma!

Mama mkwe akainua mikono. "Bwana ameanza kujibu."