Koti Lililojikata

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Mimi sijambo, nakula vizuri na cherehani haijagoma.

Usiitupe ukidhani nimefufua ugomvi wetu. Najua nilikupandishia sauti uliponiambia miaka sita ya kukaa peke yangu inatosha. Nilisema mimi ni mtu mzima mwenye hiari yangu, hakuna atakayeniamulia nioe au nisioe. Sasa sikiliza yaliyonikuta.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliniletea kitambaa cha kijivu nimshonee koti. Ni mtu wa mabega, na tumbo humtangulia. Nikampima, nikaandika. Unajua kiburi changu: nikishaandika vipimo silifungui tena daftari, mkono unakumbuka wenyewe. Nikakata, nikashona, nikatia bitana. Siku ya kujaribu aliingiza mkono mmoja, wa pili ukagoma njiani. Akaniuliza kwa upole kama nilimpima yeye au binti yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mara akashuka fundi saa wa ghorofa ya juu kuazima sindano. Ni mama aliyefiwa na mumewe kama nilivyofiwa mimi na mke wangu, mcheshi, hana makuu. Mwalimu mkuu, kwa utani tu, akamwambia alivae yeye. Dada, lilimkaa! Mabega, kiuno, mpaka urefu wa mikono. Naye sijawahi kumpima hata kidole. Mwalimu mkuu alicheka hadi akatafuta kiti, akasema kitambaa kingine ni juu yangu, ila kwenye harusi yangu na huyu mama lazima aalikwe.

Alipoondoka, fundi saa aliniuliza kama nina neno la kumwambia. Nikafungua mdomo nimwombe radhi kwa utani ule, nikajisikia namwomba tuoane! Hakukasirika. Aliuliza tu kama ninayetaka ni mimi au ni mikono yangu, maana yeye haolewi kwa bahati mbaya. Akanipa hadi Ijumaa nikafikirie.

Basi nimefikiria mpaka chai inapoa mbele yangu. Kila wazo nikiligeukia nakuta limeshaketi, sikuliona likiingia. Nikisema sasa naamua, hilo la kuamua nalo limetoka wapi? Ajabu ni kwamba sina huzuni hata chembe. Nacheka peke yangu dukani, wateja wananishangaa.

Sasa nikiri. Nimekaa kukuandikia ili nikuombe ushauri: huyu wifi yako nimjibu nini? Lo, tazama nilichoandika! Wifi yako. Sikupanga, na wino umeshakauka. Nimeyasoma maneno hayo mara tatu, na mara zote tatu nimeyataka. Yalikotoka sijui. Lakini kuyaacha hapo bila kuyafuta, hilo nimelifanya mimi.

Nimeweka kalamu nikapanda ngazi, Ijumaa sikuingoja. Nimerudi sasa hivi. Nilianza kumweleza kama nilivyokueleza wewe, na kabla sijamaliza akasema ndiyo, kisha akajishika mdomo na kuniuliza ni nani aliyejibu. Tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Njoo haraka, dada. Ulikuwa sahihi, lisome hilo mara moja tu, usilizoee. Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote nawakumbatia.

Ni mimi mdogo wako mwenye furaha,
Mbishi