Mwenye Kihatarishi Namba Tisa

Kwako kaka,

Ghala la pili halipo tena. Liliteketea Jumanne saa nane na dakika kumi mchana, na tani kumi na nne za sponji ndani yake, na ilipofika saa tisa na nusu tulikuwa tumebaki na kuta tatu na mlango uliopinda. Nimeanza na hilo kwa sababu kwenye simu uliniuliza mara nne kama hali imedhibitiwa, na kila nilipofungua mdomo kukujibu ulikuwa unaongea na mtu mwingine pembeni.

Sasa nakusalimu. Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba mgongo umepunguza kukusumbua. Sisi huku ni wazima, ila macho yanawasha kwa moshi, na Mama amegoma kula mpaka asikie sauti yako. Mpigie, tafadhali. Usimtumie ujumbe. Mpigie.

Watu sitini na watatu walitoka salama. Niliwahesabu mwenyewe uwanjani mara mbili, kisha nikamwomba msimamizi wa washonaji ahesabu mara ya tatu. Aliyeumia ni mmoja tu, fundi wetu wa umeme, yule tunayemwita Waya. Wenzake walipokuwa wanakimbilia nje, yeye aliingia ndani kuzima swichi kuu, na akaizima. Ameungua mikono yote miwili hadi viwikoni. Daktari anasema zitapita wiki sita kabla hajashika hata kijiko.

Na huyo ndiye unayetaka afukuzwe! Rasimu ya ripoti yako kwa bodi imenifikia jana. Ukurasa wa tatu unasema fundi aliiona hatari na hakutoa taarifa, kwa hiyo aachishwe kazi. Ukurasa wa tano una mstari ninapotakiwa kusaini. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta nimesimama.

Niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana wewe hupenda kusema kwamba mimi naruka hatua. Unakumbuka miaka mitano iliyopita, yule mshauri mwenye tai ya zambarau alipokuja kutuanzishia rejista ya vihatarishi, lile daftari la mambo yanayoweza kukiangusha kiwanda. Kila jambo alilipa namba, na mbele ya namba akaweka safu ya "mwenye", yaani mtu wa kulishughulikia na kulijibia mbele ya bodi. Baba akakasirika. Akasema mwenye kiwanda ni yeye, aliyeanza na cherehani moja, na hakuna kitu humu ndani chenye mwenyewe mwingine. Mshauri akajaribu kumweleza, akatoka jasho, akanywa maji glasi mbili, mwishowe akasalimu amri. Vihatarishi vyote kumi na vinne vikaandikwa jina la Baba. Tulicheka siku ile mpaka wewe ukapaliwa.

Baba alipofariki ukakaa wewe kwenye kiti cha mwenyekiti, tukaanza kugawana. Mimi nikapata kumi na moja. Mkuu wa mauzo akapata viwili, tena akalalamika kwamba vinamwelemea. Kikabaki namba tisa: sponji kupangwa mpaka darini katika ghala la pili, mita moja kutoka kwenye swichi kuu. Hakuna aliyekitaka. Ukasema kibaki kwanza kwa jina la Baba mpaka kikao kijacho, kwa heshima yake. Kaka, vikao saba vimepita. Katika kila kimoja, mbele ya namba tisa, bodi imesomewa kwamba mwenye kihatarishi anaendelea kufuatilia. Marehemu anaendelea kufuatilia! Na watu wazima saba, wawili kati yao wanasheria, wametikisa kichwa kukubali na kugeuza ukurasa.

Halafu ukaleta ile kanuni yako: anayekitaja kihatarishi ndiye atakuwa mwenyewe. Ulisema itawafanya watu wawajibike. Nilikwambia pale pale kwamba itawafanya bubu, ukanijibu kwamba mimi siku zote naona mvua kabla ya mawingu. Basi nikupe hesabu, kwa kuwa hesabu hazina kiburi. Mwaka wa kwanza wa kanuni hiyo fomu za taarifa zilizoletwa zilikuwa tatu, kutoka kumi na tisa. Mwaka wa pili, moja, nayo ilihusu mbwa getini. Mwaka huu, sifuri. Na wewe ukasimama mbele ya bodi ukaisifia hiyo sifuri kuwa ni ushahidi wa kiwanda salama. Mkuu wa mauzo alipiga makofi. Siku hizi ukiingia karakana na kuuliza kama kuna tatizo, watu wanakodolea macho dari kana kwamba wametumwa kuhesabu misumari. Mshonaji mmoja aliniambia, huku anacheka, kwamba hapa kwetu ukiona moto, usiseme, utapewa uulee.

Bodi haiwezi kusimamia jambo ambalo haiambiwi, kaka. Kazi ya daftari lile ilikuwa kupandisha habari kutoka kwa mtu mwenye bisibisi hadi kwa mtu mwenye nyundo ya mwenyekiti. Sisi tumelitumia kuizuia njiani.

Nimesema sisi, na hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito.

Jana alasiri nilikwenda hospitali kumwona Waya. Barua yako ya kumtaka ajieleze ilikuwa kitandani, na kwa kuwa mikono imefungwa bandeji, aliniomba nimwandikie majibu. Nikavuta kiti. Akaanza kunitajia taratibu la kuandika, kama mtu aliyeyakariri maneno. Alisema niandike kwamba swichi ilikuwa inapata moto tangu mwezi wa pili, kwamba yeye aliliona hilo, na kwamba hakutoa taarifa kwa maandishi. Niliandika mpaka neno "hakutoa" nikaweka kalamu chini. Nilimuuliza kwa nini anasema hivyo. Akanijibu kwamba ana watoto wanne, mama mkurugenzi, ila hajawahi kumtaja mtu aliyemsaidia kupata kazi, yaani mimi, na hataanza leo.

Ukweli ni huu. Fomu aliijaza. Aliniletea mkononi mwezi wa pili, tarehe kumi na sita, ikiwa na kipimo cha joto la swichi na mchoro wa ghala, mistari imenyooka kama ya mtoto wa shule. Nilimrudishia. Nilimwambia akiiwasilisha, kanuni itamfanya yeye mwenye namba tisa, na kwa kuwa yeye ni mtu wa idara yangu, kitaniangukia mimi, kitakuwa cha kumi na mbili kwangu, wakati mauzo wanakaa na viwili. Nilimwambia aniambie tu kwa mdomo, nitaangalia. Sikuangalia. Nilichoka kubeba, kaka, nikaamua namba tisa ibaki kwa Baba. Mtu aliyeungua mikono ndiye peke yake aliyefanya kazi yake.

Kwa ruhusa yake nimeitoa fomu ile kwenye kabati lake karakana, na nakala ipo ndani ya bahasha hii. Ripoti yako sitaisaini. Nimeandika maelezo yangu, ukurasa mmoja, yenye jina langu kama niliyeizuia fomu na jina lako kama uliyeweka kanuni. Bodi ikitaka kuniondoa, iniondoe. Nilianza na kufagia vumbi la sponji na naweza kuanza tena.

Msalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakuombea heri, hata hajui tunaandikiana nini.

Bodi inakaa Ijumaa ijayo asubuhi. Ninachouliza ni kimoja: utaiweka fomu ya Waya na maelezo yangu mezani, na kumfutia shauri lake, au hutafanya hivyo? Sitaki kusikia kwamba tutaangalia, wala kwamba tukutane kwanza kifamilia. Nataka ndiyo au hapana, kwa maandishi, kabla ya saa kumi jioni siku ya Alhamisi. Ikifika saa kumi na dakika moja sijapata neno, nitawapelekea wajumbe wote saba karatasi hizi mimi mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mkurugenzi wa Uzalishaji